Mshindio Ulioibiwa

Kila mwaka shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, wazazi wa vijiji vyetu huuza mbuzi, au kuku, au gunia la mahindi, wapate kuwanunulia watoto wao nguo za shule. Siku ya kwanza mtoto huingia darasani na shati jeupe lililokakamaa kama karatasi, nasi walimu hufurahi pamoja naye. Likiisha kufuliwa mara tatu au nne, shati lile hulegea likawa kama wavu. Nyuzi huachana kando ya mshono, na kabla ya Pasaka kiwiko kiko nje. Ndipo mtoto hukemewa nyumbani ya kwamba ni mtundu, hajui kutunza kitu. Sisi twasema asionewe. Nguo ya namna hiyo haikuharibiwa na mtoto. Ilikuwa imepungukiwa tangu siku ilipofumwa, nayo ilipungukiwa mahali panapojulikana sana na wafumao, ila sisi wanunuzi hatupatazami. Ilinyimwa mshindio.

Twaandika juu ya jambo hili kwa sababu wapo watu wanaolitetea, wala si watu wabaya wote. Wengine ni wenzetu wa kanisani wenye maduka. Wengine ni wazazi wenyewe. Twataka kuyatwaa maneno yao moja moja na kuyajibu. Lakini kwanza yatupasa kueleza nguo ni kitu gani, maana asiyejua jinsi nguo inavyofumwa hawezi kujua jinsi inavyoibiwa.

Nguo yoyote iliyofumwa, iwe kikoi au shuka au gunia la katani, ina nyuzi za namna mbili. Ziko nyuzi zinazotandwa kwa urefu na kukazwa katika kitanda cha mfumi kabla kazi yenyewe haijaanza. Hizo huitwa mtande. Tena uko uzi upitao kwa upana, ukienda na kurudi, ukipanda juu ya uzi mmoja wa mtande na kushuka chini ya uzi wa pili. Huo huitwa mshindio. Kila upitapo, mfumaji huusukuma kwa ubao, au kwa kitana cha kitanda chake, upate kulala karibu na mwenzake uliotangulia. Uzi wa mtande husokotwa sana, kwa kuwa ndio uchukuao mvuto wa kitanda. Uzi wa mshindio aghalabu ni laini zaidi, nao ndio unaojaza nguo na kuzifunga nyuzi za mtande zisitawanyike. Mtande peke yake si nguo, ni nyuzi zilizonyoshwa tu. Mshindio ukiondoka, hakuna kinachobaki cha kuvaa.

Wazee waliouita uzi huu mshindio hawakubahatisha. Neno hili ni jamaa ya neno kushindilia, yaani kukaza, kujaza kwa nguvu hata pasiwe na nafasi. Wasomaji wetu walijua neno hilo tangu walipokuwa watoto wa Jumapili, maana wafasiri wa Injili ya Luka, katika mlango wa 6, walilitumia pale Bwana wetu anapokisifu kipimo chema cha mtoaji: ni kipimo kilichoshindiliwa. Basi katika lugha yetu kipimo cha haki na uzi wa kupitana vina ukoo mmoja. Nguo isiyoshindiliwa ni kipimo kilichopunguzwa. Hayo ndiyo tunayotaka kuyathibitisha katika maneno yetu yote yanayofuata.

Mtu atauliza, Kwa nini mwizi achague mshindio, asichague mtande? Jibu ni jepesi. Mtande huhesabiwa mara moja, mwanzo wa kazi. Ukiisha kutandwa, hubaki vile vile mpaka mwisho wa jora. Lakini mshindio huamuliwa upya kila uzi upitapo. Mfumaji wa mkono akitaka kuupunguza, hana haja ila kulegeza mkono anaposhindilia. Mwenye mashine akitaka kuupunguza, hubadili gurudumu moja lenye meno, na nguo huvutwa mbele haraka zaidi kuliko kwanza. Tufanye hesabu kama tunavyowafanyizia watoto ubaoni. Nguo iliyopasa kuwa na nyuzi 60 za mshindio katika kila inchi, inchi zake 50 zahitaji uzi upite mara 3,000. Zikipunguzwa kuwa 50 katika inchi, mipito ile ile 3,000 itatoa inchi 60. Mwenye kiwanda amepata inchi 10 bila uzi mmoja wa mshindio kuongezeka wala dakika moja ya kazi. Inchi hizo 10 zimefumwa kwa hewa, nazo zauzwa kwa fedha.

Wala si siri kwa wajuzi kwamba mshindio ndio kipimo cha kazi. Katika nchi ya Uingereza, jimbo la Lancashire, ambako ufumaji wa mashine ulikua kuliko mahali pote katika karne ya 19, bidii kubwa ya wavumbuzi ilikuwa kuuharakisha uzi huu wa kupitana. Kabla ya hapo mfumaji alikitupa kijiti chenye uzi kwa mkono mmoja na kukidaka kwa wa pili, na nguo pana ilihitaji watu wawili kukaa pamoja. Mwaka wa 1733 John Kay, mtu wa Bury, alibuni njia ya kukirusha kijiti hicho kwa kuvuta kamba, hata mtu mmoja aliweza kufuma nguo pana peke yake. Mwaka wa 1785 Edmund Cartwright, naye alikuwa kasisi, alipata hati ya kitanda cha kufumia kiendeshwacho kwa mashine. Na mwaka wa 1892, wenye viwanda na wafumaji wa Lancashire walipokubaliana orodha moja ya malipo, walihesabu idadi ya nyuzi za mshindio katika robo ya inchi. Watu hao hawakupatana kwa mengi, lakini kwa hili walipatana: anayetaka kujua kazi iliyomo katika nguo, na ahesabu mshindio. Basi, kama wafumao na waajirio huuhesabu, kwa nini anunuaye asiuhesabu?

Sasa twaja kwenye kifuniko cha wizi huu. Nguo iliyonyimwa mshindio huwa nyembamba na yenye matundu, na mtu yeyote angeiona. Kwa hiyo lazima itiwe kitu cha kuziba. Kitu hicho ni kanji. Yatupasa tuseme kweli hapa, tusije tukamsingizia mtu: kanji yenyewe si dhambi. Mtande hauna budi kupakwa kanji kidogo kabla ya kufumwa, maana nyuzi zake husuguana sana kitandani, na bila kupakwa zingekatika. Hiyo ni desturi njema, nayo hutoka katika maji ya kwanza. Lakini kanji iliyokusudiwa kuulinda mtande ikizidishwa hata ifunike upungufu wa mshindio, au nguo iliyokwisha kufumwa ikipakwa tena ili kuziba matundu yake, kanji hiyo si mlinzi tena, ni shahidi wa uongo. Hufanya nguo ya dondo ing'ae dukani na kukakamaa mkononi, nayo huaga siku ya kwanza ya kufua.

Haya yalitendeka wazi wazi katika historia, tena kwa wingi. Vita vya Marekani vilipoanza mwaka wa 1861, bandari za kusini zilifungwa, na pamba iliyokuwa ikienda Lancashire ikakatika. Mpaka vita vilipokwisha mwaka wa 1865, pamba ilikuwa adimu na bei yake kubwa, na maelfu ya wafumaji walikaa na njaa. Siku hizo wenye viwanda wengi walizidisha sana kutia katika kanji udongo mweupe wa kauri, ule unaochimbwa Cornwall na kufinyangiwa vikombe na sahani. Sababu yake ni kwamba nguo nyingi zilizopelekwa India na China zilitambulikana sokoni kwa uzito wa jora. Pamba ikipungua, udongo hurudisha uzito. Vita vikaisha, pamba ikarudi, lakini desturi mbaya haikuisha. Ndivyo ilivyo; wizi ulioingia kwa mlango wa shida hautoki shida inapotoka.

Na matunda yake? Nguo ziliota ukungu melini na ghalani, wanunuzi wa Mashariki wakalalamika. Lakini walioumia kwanza walikuwa wafumaji wenyewe. Mtande uliojaa udongo ni mkavu na mgumu, hukatika upesi usipofumwa mahali penye unyevu. Kwa hiyo nyumba za kufumia zilijazwa mvuke, na watu walifanya kazi nguo zao zikiwa mbichi, huku wakivuta vumbi la udongo. Wafumaji wa mji wa Todmorden walilalamika, na mwaka wa 1872 daktari wa serikali, George Buchanan, alitoa taarifa juu ya madhara ya kanji hiyo katika viwanda vya mji ule. Sheria ya kuweka mpaka wa unyevu katika viwanda vya nguo za pamba ilikuja baadaye sana, mwaka wa 1889. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba nguo ya hila humdhuru anunuaye tu. Hila ile ile iliyompunguzia mvaaji nguvu ya shati ilimpunguzia mfumaji nguvu ya kifua.

Labda msomaji atasema, Mambo hayo ni ya Ulaya ya zamani, yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa kuwa babu zetu walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwaka wa 1833 Sayyid Said wa Unguja na Omani alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu za Salem zikaleta Unguja nguo ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na New Hampshire. Nguo hiyo ikaitwa merikani, na jina hilo linatumika hata leo kwa nguo ya namna ile, popote ilipofumwa. Ilipendwa pwani na bara kwa ajili ya jambo moja kubwa: ilikuwa nzito kweli, ikifuliwa hubaki nguo. Wafanya biashara wa Uingereza walijaribu kuiiga, lakini wanunuzi wa huku hawakudanganyika upesi. Waliishika, waliifua, wakaitofautisha. Vita vya 1861 vilipoikatisha merikani, ndipo nguo za viwanda vya Bombay zilipopata nafasi, na baada ya miaka zikashika soko.

Tukumbuke tena kwamba siku hizo bara hapakuwa na sarafu nyingi; nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Chakula, mshahara wa mpagazi na hongo ya mtemi vililipwa kwa mikono ya nguo: shuka moja ilikuwa mikono 4, doti mikono 8. Mahali ambapo nguo ni fedha, anayeipunguza mshindio ni ndugu yake yule anayekwangua kando ya sarafu apate vumbi la dhahabu. Mkono wa nguo waweza kuwa kamili kwa urefu, nao ni pungufu kwa nguvu.

Hatusemi kwamba merikani ilikuwa safi. Pamba yake nyingi ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani mpaka vita vile vilipowakomboa. Na nguo yenyewe ilitumika katika bara letu kununulia pembe na wanadamu. Ilishindiliwa vizuri, nayo ilikuwa na damu ndani yake. Twalitaja neno hili ili mtu asidhani ya kwamba kufuma vema kwatosha mbele ya Mungu. Hakutoshi. Lakini dhambi ya shambani haifanyi hila ya kitandani kuwa halali. Zote mbili zitahesabiwa.

Wala asidhani mtu kwamba tulijifunza nguo njema kutoka nje tu. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, aliandika juu ya nguo zilizofumwa pale na kuitwa kwa jina la mji, zisizo na kifani, zilizopelekwa mpaka Misri. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wameokota vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi. Wafipa, karibu na Ziwa Rukwa, walifuma kwa pamba yao nguo nene zenye kudumu. Wafumaji hao hawakuwa na udongo wa kauri wala gurudumu la kubadili. Walikuwa na mkono na ubao wa kushindilia, na mara nyingi mvaaji alikaa kijiji kimoja na mfumaji. Hapo ndipo ilipokuwa sheria yao: mtu hamuuzii jirani yake hewa, kwa maana kesho atakutana naye kisimani.

Sasa tuyajibu maneno ya watetezi.

Neno la kwanza ni hili: “Maskini hawezi kununua nguo nzito; nguo hafifu ni msaada kwake.” Twajibu, Wepesi si hila. Ziko nguo nyepesi zilizofumwa kwa uaminifu kamili. Melimeli ya Dhaka huko Bengali ilisifiwa duniani kwa wembamba wake, wala haikumdanganya mtu, maana iliuzwa kwa jina la wembamba. Neno letu ni juu ya nguo nyembamba inayovaa sura ya nguo nzito. Na juu ya bei, na tufanye hesabu nyingine. Tuseme shati moja lauzwa shilingi 8,000 na kudumu miezi minne, na la pili lauzwa shilingi 14,000 na kudumu mwaka mzima. Mwenye kununua la kwanza atanunua mara tatu, atoe 24,000. Nani amesaidiwa hapo? Tajiri hununua mara moja. Maskini hununua mara tatu, tena huonekana amevaa matambara. Wahenga walisema kwa maneno mawili tu: Rahisi ghali.

Neno la pili: “Mnunuzi ana macho, asipotazama, shauri lake.” Ajabu ya neno hili ni kwamba kanji imetengenezwa kwa ajili ya macho hayo hayo. Mtu akuwekee pazia mbele ya uso, kisha akulaumu kwamba hukuona! Mwenye duka anajua, au aweza kujua, maana nguo hupita mikononi mwake kwa majora. Mama wa mtoto hununua shati moja kwa mwaka. Ajuaye na asiyejua hawachukui mzigo sawa. Nabii Amosi, katika mlango wa 8, aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo, wakaongeza bei, wakauza na takataka za nafaka pamoja na nafaka. Hakuwakemea wanunuzi kwa kutokuwa na macho makali.

Neno la tatu: “Kizuri chajiuza.” Wanatutupia methali yetu wenyewe, nao wameisahau nusu yake, kwamba kibaya chajitembeza. Nguo yenye kung'aa sana dukani ndiyo inayojitembeza. Tazama jambo moja linaloonekana katika masoko yetu yote: watu wengi, wakiwa na fedha ile ile, huiacha nguo mpya wakaenda kwenye mitumba. Wengine huwadharau kwa hilo. Sisi twaona ya kwamba wana akili. Nguo ya mtumba imekwisha kufuliwa mara nyingi. Kanji yake imetoka zamani, na kilichobaki ni mtande na mshindio tu. Haina cha kuficha. Ni aibu kwa wafumaji na wauzaji wa nguo mpya kwamba nguo iliyovaliwa na mtu mwingine huaminiwa kuliko yao. Tena ni hasara kwa nchi zinazolima pamba, kama Usukuma wetu, ambazo pamba yake nyingi huenda ng'ambo haijafumwa. Wanaotaka watu waipende nguo mpya ya kwao, na waishindilie kwanza.

Neno la nne ndilo linalotuhuzunisha zaidi, kwa kuwa hutoka vinywani mwa Wakristo: “Haya ni mambo ya dunia, kanisa lihubiri Injili.” Ndugu, fungueni Kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 13. Hapo kuhani anaamriwa kuitazama nguo yenye pigo, na Maandiko yanataja mtande na mshindio waziwazi, kila kimoja kwa jina lake. Kuhani hakuambiwa aitazame nguo kwa mbali na kusema ni nzuri. Aliambiwa aichunguze, aiweke siku saba, aitazame tena, ifuliwe, aitazame mara ya tatu. Na mlango wa 19 wa kitabu hicho hicho unakataza udanganyifu katika kipimo cha urefu, cha uzani na cha ujazo. Kama Mungu hakuona haya kunena juu ya nyuzi, watumishi wake waone haya kwa nini?

Kwa hiyo twawapa wasomaji wetu njia za kuichunguza nguo, ambazo hazina gharama wala hazihitaji elimu kubwa.

Kwanza, inue nguo uitazame kwenye mwanga wa jua. Nuru ikipenya sawasawa, ni vema. Ikipenya kwa mistari na madoa, mshindio haukushindiliwa sawa.

Pili, sugua nguo juu ya nguo kati ya viganja vyako kwa nguvu. Unga mweupe ukianguka, au pale uliposugua pakilegea kuliko pengine, ujue umeshika kanji.

Tatu, shika nguo kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, uvute kwa urefu, kisha kwa upana. Nyuzi zikisogea na kuacha nafasi isiyorudi, nguo hiyo itaachana kwenye mshono.

Nne, chukua sindano na rula, uhesabu nyuzi katika inchi moja kwa urefu, kisha kwa upana. Mshindio kuwa mchache kidogo kuliko mtande si kosa. Nguo nyingi njema ni hivyo. Lakini ukiona mtande ni msongamano na mshindio ni mmoja mmoja kama miti ya ua lililobomoka, weka chini.

Tano, nayo yapita zote: kata kipande, au ununue kipande kidogo, ukifue kwa maji ya moto na sabuni, ukianike, kisha ukilinganishe na jora lenyewe. Maji hayapokei rushwa.

Tena twawasihi wasimamizi wa shule, na wazee wa makanisa, na viongozi wa vyama vya akina mama na kwaya. Ninyi ndinyi mnaochagua kitambaa kwa niaba ya watu mia, na kila mmoja atoe fedha yake kwa kuwaamini. Msichague kwa rangi na mng'ao tu. Kabla ya kuagiza sare, leteni vipande vitatu vya maduka matatu, vifuliwe mara tano mbele ya mkutano wa wazazi, kisha watu wachague kilichobaki nguo. Mwenye duka akikataa kutoa kipande cha kujaribiwa, amekwisha kujibu. Na mwenye duka Mkristo asingoje kuulizwa, na amwambie mnunuzi, “Hii ni nyepesi, na hii ni nzito, hii haitafika mwisho wa mwaka.” Atauza jora moja pungufu mwaka huu, lakini mwakani watu watavuka maduka mengine kumfuata.

Na ninyi mafundi cherehani, mnaijua nguo kuliko sisi sote, kwa kuwa mkasi na sindano huwaambia siri yake. Msinyamaze mteja anapowaletea kitambaa cha hila. Mwambieni kabla ya kukata, maana baada ya kukata lawama ya mshono itakuwa yenu, na hasara itakuwa yake.

Hatuwaombi wasomaji wetu waache nguo za viwandani, wala hatuwazii kwamba kila kijiji kitarudi kwenye kitanda cha mkono. Twaomba jambo dogo zaidi, nalo lapasa kila mtu: tusitoe tena fedha ya nguo kwa kununua kanji. Viwanda hufuma kile kinachonunuliwa. Babu zetu, ambao wengi hawakujua kusoma, waliishika merikani na kuifua, nayo nguo ya kuiga wakaikataa, hata wafanya biashara wa nchi za mbali wakalazimika kuwasikiliza. Sisi tunaosoma tusiwe na vidole vizito kuliko vyao. Januari ijayo mtoto atakapopelekwa dukani, mzazi aipite ile nguo iliyosimama yenyewe kwa ukakamavu, aishike iliyo karibu nayo, aigeuze penye mwanga, aihesabu mshindio wake. Akiona umeshindiliwa, alipe kwa furaha. Akiona haukushindiliwa, na aseme kwa sauti mbele ya wanunuzi wengine kwa nini anairudisha.